Mlango wa Ghorofa ya Tano

Théoneste alikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa sita pale Kiyovu, jijini Kigali. Mkewe, Mukantwari, aliwapikia chai makarani wa ghorofa ya tano. Tangu mabomu yaanze kurushwa mjini mwaka ule wa 1992, mwenye jengo, Bwana Kamanzi, aliamuru mlango wa ghorofa ya tano unaotokea ngazi za nyuma ufungwe kwa kufuli. Théoneste akafunga, ufunguo akautia mfukoni.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, stoo ya rangi ya ghorofa ya pili ilishika moto. Ngazi kuu zikajaa moshi mzito. Wa chini walitoka mbio, wa juu wakakimbilia madirishani. Théoneste, akiwa chini nje, akamwona mkewe kwenye dirisha la ghorofa ya tano, kitenge amekibana puani.

"Théo! Nyuma kumefungwa!"

"Nakuja! Nenda mlangoni, unisubiri hapo hapo!"

Mukantwari akaondoka dirishani, akarudi ndani.

Théoneste alipanda ngazi za nyuma mbiombio. Ghorofa ya tatu, kwa moshi, macho hayakuona kitu. Ya nne, akaendelea kwa magoti. Juu yake alisikia watu wakigonga mlango. Kisha mtu akamkamata miguu na kumburuta chini. Alikuwa Évode, dereva wa ofisi.

"Niache! Ananisubiri!"

"Utakufa, mzee!"

Alipopata fahamu alikuwa amelala kwenye majani ng'ambo ya barabara, na hakuna tena aliyekuwa akigonga.

Watu tisa walikutwa nyuma ya ule mlango. Mukantwari ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kitasa. Polisi walipouliza, Kamanzi alisema hajui lolote kuhusu kufuli. Walipomgeukia Théoneste, alijibu, "Nilifunga mimi."

Siku ya tatu ya msiba, Illuminée, karani wa ghorofa ya tano aliyeokoka kwa kuteremka dirishani kwa mapazia yaliyofungwa pamoja, alifika nyumbani kwa Théoneste mtaani Gikondo, mikono yake imefungwa bandeji.

"Tulimshika abaki dirishani nasi," alimwambia Théoneste uani, machozi yakimtoka. "Akasema, mume wangu amesema nimsubiri mlangoni."

Théoneste aliegemea ukuta, akateleza taratibu hadi chini. Illuminée akaondoka bila kuaga.

Mama yake Mukantwari akatokeza kichwa mlangoni. "Mwanangu, yule dada alikuwa naye. Amesemaje?"

"Amesema hakuteseka, mama."

Mama mkwe akamshukuru Mungu, akarudi kwa waombolezaji. Théoneste akabaki pale chini, hana pa kwenda.