Nafasi ya Mshono

Miaka kumi na miwili iliyopita, fundi cherehani mmoja alimkatia dada yake gauni la harusi, akasahau kuacha nafasi ya mshono. Nguo isiyoachiwa zile sentimita chache za pembeni humbana mwenyewe kama deni la roho. Mashangazi watatu walimsukumia dada ndani ya gauni, akaolewa akiwa amebana pumzi, na alipoinama kutia sahihi, mgongo wa gauni ukaachia kuanzia shingoni hadi kiunoni. Sahihi aliimalizia akiwa amejifunika kitambaa cha meza. Tangu siku hiyo hakumpa mdogo wake hata leso apinde.

Fundi naye aliapa kwamba nguo yake haitambana mtu tena. Akaacha nafasi, akaongeza nafasi juu ya nafasi, hadi mtaa mzima ukawa unapwaya, na watu wakambandika jina la Fundi Pwaya. Siku ya upepo, aliyevaa suruali yake alitembea akishika ukuta. Lakini alikuwa mtu wa watu, kwa hiyo walivaa.

Ndiyo maana Alhamisi ile, dada alipoingia chumba cha mbele alimoshonea fundi, mkono wa kulia una bendeji na wa kushoto umebeba trei ya keki, fundi alisimamisha cherehani.

"Nimeteguka," dada alisema. "Kigoda kimeniangusha."

"Pole sana, dada."

"Pole haikati keki."

Trei ilikuwa na keki ya chokoleti ya sentimita thelathini kwa ishirini, nzito, imeng'aa juu. Ilikuwa ya manesi ishirini na wanne wa zahanati. Wiki iliyopita vipande vilifika kama vimegombaniwa na panya, na muuguzi mkuu akasema wazi kwamba vikija tena hivyo, oda ya kila Alhamisi anaihamishia duka la mikate la kona. Dada alikuwa ameisotea oda hiyo mwaka mzima.

"Nataka miraba ishirini na nne, tano kwa tano, kingo safi. Keki imeshapoa. Kisu unachovya kwenye maji ya moto, unapangusa kila ukikata, na unakishusha moja kwa moja, usikerezekereze. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nakuamini kwa sababu sina mwingine."

Fundi alisikia neno la kwanza tu. Dada akaenda kujilaza chumba cha ndani, maana dawa ya maumivu ilikuwa inamlevya.

Kwenye kona alikaa mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amerudisha suruali yake ipunguzwe kwa mara ya tatu na alikuwa ameishika kiunoni kwa mkono mmoja. Fundi aliinyanyua keki kwa karatasi yake, akailaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, akavuta futi ya kupimia kutoka shingoni.

"Mwalimu, fungua mdomo."

"Wa nini?"

"Keki ni nguo ya mdomo. Mimi sikati bila vipimo."

Mwalimu akafungua. Ilikuwa sentimita tano kamili, na fundi akafurahi kuona kwamba dada yake anajua kazi. Akachora mistari kwa sukari ya unga badala ya chaki, akachomeka vijiti vya meno penye pembe badala ya pini. Kisha akachovya kisu, akapangusa, akashusha. Kila mkato ulitoka laini, bila chembe iliyobaki nyuma. Mwalimu alisimama kutazama, akaisahau suruali, akaikumbuka ikiwa magotini.

"Kumi na tano," mwalimu alisema baada ya kisu kuwekwa chini. "Na ukanda mmoja umebaki pembeni. Umekata sentimita ngapi?"

"Tano."

Mwalimu aliazima futi. "Hizi ni sita, bwana."

Fundi aliitazama mikono yake. Nusu sentimita kila upande, bila kukosea hata mahali pamoja.

"Nimeacha nafasi ya mshono," alisema.

"Kwenye keki?"

"Mkono umeacha wenyewe."

Aliogopa kweli. Oda ingekwenda, lakini hilo lingeweza kusameheka. Alichoogopa ni dada kuamka, kumtazama vilevile alivyomtazama juu ya kitambaa cha meza, na safari hii kutomwamini tena mpaka kaburini.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kuandika kwenye ukingo wa gazeti. "Tulia. Keki haijaenda popote. Ukipunguza kila mraba sentimita moja pande mbili, ukachanganya na ule ukanda, unapata miraba tisa mingine. Kamili."

"Ya vipande vipande."

"Ya vipande vipande, ndiyo."

"Viraka," fundi alisema, na rangi ikamrudia usoni. Aliyeyusha chokoleti iwe uzi. Akapunguza, akapanga vijiukanda ubavu kwa ubavu, akaviunga, akafunika kwa karatasi na kuvikandamiza kwa pasi isiyowashwa. Alikuwa kwenye mraba wa tisa dada alipotokea mlangoni.

"Unapiga keki pasi," dada alisema.

"Ni ya baridi, dada."

Akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni. Dada akauliza ni mtu gani anayeachia keki nafasi ya mshono.

"Sijui tena kukata bila kuacha. Kila nikishika mkasi nauona mgongo wako unaachia. Miaka kumi na miwili, dada."

Dada akakaa. Kabla hajajibu, hodi ikabishwa: muuguzi mkuu mwenyewe, miwani puani. Aliikagua miraba kumi na tano, akatikisa kichwa kukubali, akafika kwenye ile tisa.

"Na hizi zenye mistari zimefanywa nini?"

Fundi akafumba macho. Dada alimtazama mdogo wake, akaitazama keki.

"Hizo zimeshonwa," alisema. "Mdogo wangu ni fundi."

Muuguzi mkuu alichukua mraba mmoja, akauvuta huku na huku taratibu, akauinua kwenye mwanga. Kiunganisho hakikucheza.

"Nimeshona watu miaka thelathini," alisema, "na mshono uliotulia hivi sijapata kuufikia. Wiki ijayo nataka zote ziwe hivi."

Akaipanga miraba yote kwenye masanduku, akaondoka nayo. Mwalimu naye akaaga na suruali yake vilevile, kwa sababu aliona hapo si pa mtu wa nje.

Dada aliingia chumbani akatoka na mfuko. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kijani, mikunjo imeshajichora kwa kukaa miaka kabatini. Akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono yote miwili, na ule wenye bendeji.

"Nipime."

"Na nafasi ya mshono?"

"Acha. Ila ya kibinadamu, sitaki kushika ukuta."

Fundi akazungusha futi kiunoni mwa dada yake, akajaribu kusoma namba mara tatu, na mara zote tatu machozi hayakumruhusu kuiona.