Balozi wa Abu Nasir

Mimi ni bawabu, na bawabu huona mengi, lakini sikuwahi kufikiri nitaona dereva akigombezwa kwa sababu ya nyuklia.

Nyumba ilikuwa ya Abu Nasir, mfanyabiashara wa viyoyozi hapa Riyadh. Elphas alikuwa dereva wake, na tulilala chumba kimoja kando ya geti. Siku alipofika, mzee, kafili wetu, yaani mwajiri aliyetudhamini nchini, alimuuliza anatoka Kenya sehemu gani. Akasema Siaya. Mzee akaruka: "Kwa kina Obama?" Mtu mwenye akili angesema ndiyo, upande huohuo, basi. Elphas na domo lake akajibu, "Huyo ni ndugu yetu kabisa, baba."

Tangu hapo jamaa akawa mheshimiwa. Wageni wa barazani walimpa mkono. Walimuuliza Marekani itamfanya nini Mrusi, na Mchina anataka nini baharini, naye akajibu bila kupepesa macho. Ijumaa, tulipokwenda mtaa wa Manfuha kula ugali na Wakenya wenzetu, wakambatiza Balozi. Nilimwonya. Alinicheka.

Ikafika Ramadhani ya 2015. Elphas alikuwa ameahidiwa likizo baada ya Idi. Binti yake, Jael, alizaliwa yeye akiwa huku, akamjua kwa simu tu. Bila kibali cha kafili hutoki nchi hii hata ukiwa na tiketi mkononi, kwa hiyo ahadi ile aliibeba kama yai.

Jioni moja, baada ya futari, televisheni ikatangaza kwamba Marekani imekubaliana na Iran kuhusu nyuklia, Mrusi na Mchina wakiwa meza hiyohiyo. Abu Nasir akaizima kwa hasira, akamwita Elphas.

"Ndugu yako ametuuza!"

"Baba, mimi ni dereva tu..."

"Likizo mafi, hakuna! Halas, imekwisha!"

Nilimkuta chumbani amekalia begi alilokwisha kulipanga. Nilitaka kumwambia si nilikuonya, lakini uso wake ulinifunga mdomo.

"Titus, huyu mtoto atanijua lini?"

"Enda umwambie mzee ukweli. Sema wewe si ndugu wa mtu."

"Ajue nimemdanganya miaka miwili mbele ya wageni wake? Hapo nimekwisha kabisa, buda."

Kesho yake alasiri akarudi barazani, mikono nyuma.

"Baba, kwetu mtu wa ukoo akikosea, hata awe mkubwa namna gani, jamaa zake humkalisha chini. Na huyu anakuja Kenya mwezi huu."

Hilo mzee alilielewa mara moja. Kwao pia ugomvi wa koo hupelekwa kwa jamaa. Akashika ndevu, akafikiri sana.

"Mwambie tumekuwa marafiki tangu enzi za babu yangu. Mwambie Iran si jirani yake, ni jirani yetu. Yalla, nenda."

Idi ilipokwisha, kibali kikatoka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Obama alitua Nairobi, akahutubia, akaondoka. Siku hiyo mzee akaja getini, akapiga simu, akaongeza sauti nami nisikie. Jasho lilinitoka kwa niaba ya Elphas.

"Umemwona? Amesemaje?"

Huko nyuma mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote.

"Sijamwona, baba," Elphas alisema, na sauti haikuwa ile ya barazani. "Hata karibu na barabara aliyopita hatukufika. Na si ndugu yangu. Tunatoka tu sehemu moja. Huyu anayelia ni binti yangu. Nikimshika analia. Hanijui."

Nikasubiri moto. Mzee aliitazama simu, na mtoto akaendelea kulia.

"Usimshike," akasema hatimaye. "Kaa chini karibu naye, kula chakula chako, mwache aje mwenyewe. Mwanangu Nasir alinikimbia hivyohivyo niliporudi kutoka vita vya Kuwait."

"Lakini likizo inaisha wiki ijayo, baba."

"Inaisha akikujua," mzee akasema, akakata simu, akaenda kuwasha gari mwenyewe.