Beki wa Papa Rigobert

Papa Rigobert ndiye aliyemtia Numbi kwenye barafu. Alikuwa akimpeleka mwanawe Hénock mazoezini kila Jumamosi, na kwa kuwa mama yake Numbi alikuwa zamu katika nyumba ya wazee kule Auderghem, upande mwingine wa jiji, Papa alimchukua Numbi pia. Watoto wawili wa familia za Lubumbashi, wakazi wa mtaa wa Molenbeek huko Ulaya, wakajifunza hoki ya barafuni wakishikilia ukuta wasianguke. Hénock akawa mshambuliaji, mwepesi, mwenye madoido. Numbi, mkubwa wa mwili na mchache wa maneno, akawa beki.

Walipofika miaka kumi na tisa, klabu ya kulipwa ya Ujerumani ilimtuma mtu kuangalia vijana. Nafasi ilikuwa moja. Kocha akawagawa timu mbili, na marafiki hao wakajikuta wapinzani.

Numbi alikuwa na jambo alilolijua kuliko beki yeyote. Hénock akipokea pasi upande wa kushoto huinamisha kichwa kutazama gongo lake la hoki. Kufumba na kufumbua tu. Miaka yote Numbi alikuwa akimkanya.

Siku ile hakumkanya. Kipindi cha mwisho kilikuwa kinayoyoma na Numbi alikuwa hajafanya lolote la kuonekana. Mjerumani alikuwa anachezea simu. Pasi ikaenda kushoto. Numbi alishaanza kuteleza kabla Hénock hajainama. Bega lilimpata kifuani, akarushwa, akaangukia ukuta kwa shingo. Refa hakuona kosa; hoki huruhusu kugongana hivyo. Hénock hakuinuka.

Uti wa mgongo ulikuwa umeumia. Miguu haikusogea tena.

Wiki iliyofuata Mjerumani alipiga simu. “Ulijua atakachofanya kabla yeye mwenyewe hajajua,” alisema kwa Kifaransa cha kubabaisha. “Hilo halifundishwi. Tunakutaka.”

Numbi alikata simu. Kisha akaenda hospitali. Papa Rigobert alikuwa kwenye korido, koti mwilini, kama mtu asiyejua aondoke au abaki.

“Mutoto yangu,” alisema, akamkumbatia. “Usilie. Ni accident. Mchezo njo iko vile.”

“Papa, banasema bananichukua Ujerumani.”

“Alors enda! Mumoja wenu afike.”

“Papa, nilijua atainamisha kichwa. Nilimungojea.”

Mikono ya mzee ililegea mabegani mwake.

“Yeye eko anajua?”

“Sijamuambia.”

“Ingia umuambie.”

Hénock alikuwa amelala chali, shingo imefungwa. Numbi alimweleza yote, akiwa amesimama, maana hakuthubutu kukaa. Hénock aliendelea kutazama dari.

“Ni weye tu ungeweza kunipata vile,” alisema. “Bon. Funga mulango.”

Numbi alipotoka, Papa Rigobert hakuwa tena kwenye korido.

Numbi alikwenda Ujerumani. Mama yake alimsindikiza stesheni, akamsihi asirudi nyuma, kwa kuwa kurudi hakutamwinua mtu kitandani. Kabla msimu haujaisha alikuwa timu ya kwanza. Aligonga watu vizuri. Mashabiki walimpenda kwa hilo, na kila mshambuliaji alipogongwa ukutani, Numbi alibaki akimtazama mpaka miguu isogee.

Alimwandikia Hénock mara nyingi. Ujumbe ulisomwa. Haukujibiwa.