Usingizi Ulioingia Bakulini

Jumanne moja, saa kumi na moja jioni, Leticia aliosha bakuli la Mwatum, akalifuta kwa upindo wa kanga, akatazama jikoni na kukuta hana cha kutia. Bakuli hilo la bati, lenye maua ya buluu na kovu mdomoni, lilikuja mchana na mihogo ya nazi. Kwa miaka kumi na mmoja lilikuwa likivuka uchochoro wao wa Makorora kwenda na kurudi, na halikuwahi kurudi tupu. Leticia alikuwa Mlutheri kutoka milima ya Lushoto, Mwatum Mwislamu wa Pemba, na katika mengi kila mmoja alikuwa na lake, ila kuhusu bakuli hawakuwa na ubishi. Mwaka wa ukame lilirudi na ndimu mbili. Mara moja lilirudi na nusu kibiriti.

Siku hiyo hata ndimu haikuwepo. Kilichokuwepo ni pakiti moja na nusu ya vidonge vya usingizi, ambavyo Leticia alikuwa ameapa asubuhi ile kutovimeza tena. Alifanya kazi kiwanda cha mkonge, kwenye mashine ya kusugua nyuzi, na saa tatu asubuhi alisinzia amesimama. Mashine ikachukua kilemba chake. Kilitoka upande wa pili nyuzi tupu, zimenyooka vizuri, na mwenzake akazifunga pamoja na mkonge wa daraja la kwanza.

Innocent, msimamizi wao, alikuja akaangalia.

"Leo kilemba," alisema. "Kesho mkono. Nikikukuta tena umesinzia hapa, kazi huna."

Leticia alihesabu vidole vyake. Vilikuwa kumi.

Kutupa dawa nzima aliona ni dhambi, na Mwatum alikuwa akilalamika kwamba magoti yanamkosesha usingizi. Basi akavipanga vidonge bakulini, akafunika kwa kawa, akavuka uchochoro. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

Usiku ule usingizi wake uliinuka pembeni ya kitanda kabla haujamgusa, ukajifunga kanga yake ya kijani iliyochakaa, ukatoka kwa mlango wa uani. Ulikuwa mfupi kuliko alivyoudhania. Leticia aliusikia ukibisha hodi kwa Mwatum, na Mwatum akauitikia karibu.

Siku tisa zilizofuata hakulala. Wanakwaya wenzake walimpa ushauri: maziwa ya moto, Zaburi, kulala kichwa kikiwa miguuni. Alifanya vyote, wakati mwingine kwa pamoja. Aliyajua mabati yote ishirini na mawili ya paa lake, pamoja na misumari. Alisugua masufuria hadi moja likatoboka. Moyo ulimwenda mbio bila sababu, na kiwandani mwenzake alimmwagia maji usoni kila nusu saa, Innocent akiwa nyuma yao amefunga mikono. Alitamani kulia kwa uchovu, na machozi nayo yakagoma.

Ng'ambo ya uchochoro Mwatum alilala usingizi wa watu wawili. Alikuwa mpika vitumbua, na sasa aliamka saa nne, wateja wote wameshakunywa chai kwingine. Siku ya kumi Leticia alikwenda kudai chake. Aliukuta umejilaza mkekani, umejifunika uso.

"Jirani, nimefuata usingizi wangu."

"Huo hapo, shoga. Lakini n'takupaje? Umekuja bakulini."

"Najua."

"Cha bakulini hakirejeshwi kwa aliyekileta. Ni kumwambia mtu chakula chake hakiliki. Mie sikuvunjii heshima hivyo, wallahi."

Leticia alikubali. Angekuwa yeye angesema vivyo hivyo.

"Unakusumbua?"

"Unasema. Kila alfajiri unaita: Asheri, funga mlango, mvua yaingia. Nami naamka nafunga, narudi kulala."

Asheri alikuwa mume wa Leticia. Alikufa msimu wa masika, miaka kumi na mmoja iliyopita, na wiki ile ile Leticia alianza vidonge. Tangu hapo hakuwahi kumwota hata mara moja, na aliamini ameshamsahau, jambo lililomtia aibu. Alipojua kwamba chini ya vidonge usingizi wake ulikuwa ukimwita siku zote hizo, alikaa kwenye kizingiti cha Mwatum akalia mpaka chai aliyowekewa ikapoa.

Kesho yake alikwenda zahanati. Daktari Robert alikuwa akiandika. Leticia alikijua kipara chake kuliko alivyoujua uso wake.

"Vile vile?" aliuliza daktari bila kuinua kichwa.

"Hapana. Vidonge nimeviacha, daktari. Usingizi wangu umehamia kwa jirani."

"Una umri gani?"

"Arobaini na sita, kama mimi."

"Na wenyewe uje, tuufungulie kadi."

Leticia aliomba kadi yake mwenyewe. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino uliofifia, paliandikwa: Siku kumi na nne. Kisha aonwe tena.

"Daktari, hapa pameandikwa nionwe tena."

"Umeonwa," alisema, akimfunulia kurasa. "Mara mia moja thelathini na mbili. Sahihi zote hizi ni zangu."

"Na kuviacha? Huwa vinaachwaje?"

"Nani kakwambia uache?" aliuliza, akapiga muhuri.

Mwatum ndiye aliyepata njia. Usingizi usingeweza kurudishwa, lakini hakuna aliyekataza kuupeleka mbele. Aliutia katika bakuli jingine, akampelekea Asmaa, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, pamoja na vitumbua vinne. Asmaa alikaa nao usiku mmoja, akaupeleka nyumba iliyofuata. Hivyo ukauzunguka mtaa, na kila ulipoingia ulikuta kadi ya zahanati ile ile imetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Watu walioaminika kuwa walalaji wazuri waliupokea kwa mikono miwili. Wengine waliomba wabaki nao usiku wa pili, wakanyimwa kwa sababu Leticia alikuwa na mashine.

Bakuli la mwisho lililetwa na Ruthi wa kwaya. Lilikuwa na dagaa, na juu ya dagaa usingizi, umekonda na kanga imekwajuka. Leticia aliupokea, akashukuru, akaosha bakuli, na kesho yake akalirudisha na mahindi ya kuchoma.

Usiku wa kwanza ulimpa saa tatu. Wiki iliyofuata ukampa nne. Katika saa ya nne Asheri alikuja, akafunga mlango, akalaumu bawaba kwamba hazijatiwa mafuta tangu aondoke. Leticia aliamka akazitia.

Innocent alimwona yuko macho kutwa nzima, akaridhika sana. Alimhamishia mashine mpya iendayo kasi maradufu, ambayo aliyekuwa akiiendesha alikuwa hospitali. Kila jioni kabla ya kutoka Leticia huhesabu vidole vyake. Mpaka sasa ni kumi.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi usingizi wake humwacha mapema. Hujifunga kanga ya kijani ukaenda zahanati, kwa kuwa umeshazoea na tena daktari ameshaufungulia kadi yake wenyewe. Kwenye benchi huukuta usingizi wa Asmaa, wa Ruthi, na wa karibu mtaa mzima, kila mmoja na kadi mkononi, nao husogea kuupisha. Vidonge unavyoleta nyumbani Leticia huvifungia ndani ya kopo la majani ya chai, mbali na bakuli lolote. Kopo linakaribia kujaa.

Daktari Robert huuliza, "Vile vile?" na usingizi, ambao haukulelewa kubishana na daktari, humnyooshea kadi. Daktari naye hajainua kichwa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi ya usingizi wino bado haujafifia, na mwandiko ni ule ule: Siku kumi na nne. Kisha aonwe tena.