Nyumbu Hauzwi

Jumapili hiyo watoto hawakuja kumsalimia Mama Breki. Walikuja kulizika gari lake.

Aliwajua kwa mwendo tu. Mbele alikuwa mwanawe wa kwanza, ambaye ukoo mzima ulimwita Bosi tangu apate ofisi yenye zulia. Alishuka kwenye kiti cha nyuma, akafunga kifungo cha koti, akasimama uani mikono kiunoni kama mtu aliyeletwa kukagua mafuriko. Mkewe alimfuata, mkoba umebanwa kwapani. Mwisho akashuka mwenye tai ndefu na kicheko kifupi, muuza magari, aliyekuja anaendesha kigari kipya cha rangi ya maziwa. Kilikuwa kinang'aa hivi kwamba jogoo wa jirani alijiona mlangoni, akajichukia, akaanza kujipiga.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Hiyo mikono itoe kiunoni, hapa hakuna anayezaa."

Bosi aliitoa. Macho yake yalikuwa yameshafika bandani, kwa Nyumbu, gari kuukuu la mama yake.

Nyumbu aliwahi kuwa na rangi. Ukimuuliza Mama Breki ni rangi gani, atakwambia inategemea mvua. Mlango mmoja ulifungwa kwa ukanda wa suruali ya marehemu mumewe, na honi ililia kama ng'ombe aliyepewa habari mbaya. Oili nayo ilivuja. Mama Breki mwenyewe huapa kwamba kuna mwizi aliyeruka ukuta kwa nia ya kuiba betri, akakanyaga pale chini ya injini, akateleza kutoka bandani hadi kituo cha polisi bila kusimama njiani, na alipofika akaandikisha maelezo kwanza kabla hajaulizwa.

"Mama, tumezungumza sana," Bosi alianza. "Mwaka huu peke yake, rejeta. Kabla ya rejeta, matairi. Kabla ya matairi, klachi. Bima haiishi, mafuta anakunywa kama harusi. Kila fundi akipiga simu, mimi natuma spea. Hili gari si gari tena, ni mgonjwa."

"Mgonjwa anayekupeleka hospitali," alisema Mama Breki.

"Watu wa chuma chakavu watakuja kulichukua kesho. Wewe utapata hili." Akakigusa kile kigari begani kama anamtambulisha mchumba. "Otomatiki. Halina klachi, halina kelele. Na kwa kuwa umri umekwenda, utakaa kiti cha nyuma. Nitakutafutia dereva."

Hata jogoo alisita.

Mama Breki alishika ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa amefundisha udereva maisha yake yote ya kazi. Nusu ya watu walioendesha magari katika mji ule walijua kuendesha kwa sababu yeye aliketi kando yao na mguu juu ya breki. Maana Nyumbu hakuwa gari kama mengine: upande wa abiria alikuwa na klachi yake na breki yake, za mwalimu. Mwanafunzi akiduwaa, mwalimu anakanyaga, mambo yanaisha bila magazeti.

Alipostaafu, wote walidhani Nyumbu anakwenda sokoni na kurudi. Lakini jioni tatu kila wiki alikuwa akienda kwenye uwanja wa mpira uliokufa, ule wenye goli moja, na ndani yake akina mama waliokwisha kuambiwa kwamba muda wao umepita. Alikuwepo mfua mashuka wa hospitali, aliyestaafu na mgongo wake. Alikuwepo fundi cherehani aliyeachiwa gari na mume, pamoja na maneno kwamba hataliweza. Alikuwepo muuza mayai, aliyechoka kulipia usafiri wa mayai zaidi kuliko mayai yenyewe. Wa nne tumwache kwanza, aliomba asitajwe.

Hakuna aliyetozwa ada. Muuza mayai alileta oili, fundi cherehani alishona viti upya, mfua mashuka aliwaamuru wanawe wawili, wote mafundi, walale chini ya Nyumbu kila mwisho wa mwezi. Nyumbu akienda chuma chakavu, haendi peke yake. Anakwenda na viti vya watu.

"Hauzwi," alisema Mama Breki.

"Mama—"

"Mama yako nimekusikia. Sasa na wewe nisikie. Hili gari lako ni zuri?"

"Kabisa, mama yangu," alidakia muuza magari. "Hili hata mtoto analiendesha. Linajiendesha!"

"Basi vizuri. Bosi, kaa kwenye usukani. Nipeleke mpaka mashine ya kusaga, zunguka, nirudishe hapa. Ukifika bila kuniomba msaada, ufunguo huu ninauvua mwenyewe, nakuvalisha wewe. Ukiniomba msaada, Nyumbu anabaki, na habari ya kiti cha nyuma usinitajie tena mpaka nikiwa ndani ya jeneza. Hapo sawa, nitalala nyuma."

Bosi alicheka. Kisha akaona mkewe hacheki. Mkewe alikuwa anatazama kuku.

"Mwendo wa dakika chache, mama."

"Mashahidi mnasikia."

Lililokuwa kichwani mwa Mama Breki lilikuwa hili. Tangu apate zulia, Bosi alikuwa anaendeshwa. Kampuni ilimpa gari na dereva, akazoea kusoma simu nyuma huku dunia ikimpita dirishani. Alikuwa anahukumu magari kama mtu anayehukumu mapishi kwa kunusa sahani. Na mara ya mwisho kushika usukani, alishika wa Nyumbu, naye mwalimu wake akiwa kando na rula ya mbao.

Rula ile ilikuwa na mtaala mmoja. Iligonga goti la kushoto. Ukiona kona, klachi! Ukiona mbuzi, klachi! Ukimwona mkweo, klachi, maswali baadaye! Akina baba wazima walitoka kwenye mafunzo wakiota ndoto, na ndotoni mguu wa kushoto unapiga godoro.

Wakapanda. Mama Breki mbele, mkamwana na muuza magari nyuma. Bosi akaweka gia, kigari kikateleza nje ya geti kimya kama uvumi.

"Umeona, mama? Unasikia injini?"

"Sisikii."

"Ndiyo maana yake!"

Wakafika kona ya kwanza. Bosi alitaka kupunguza mwendo. Mguu wake wa kulia ukaenda kwenye breki kwa adabu. Na ule wa kushoto, uliolala miaka yote hiyo chini ya meza ya ofisi, ukasikia kona. Ukaamka. Ukatafuta klachi kwa nguvu zote za utoto wake, na kwa kuwa klachi haikuwepo, ukatua juu ya breki iliyokuwa pana kama sinia.

Kigari kilisimama palepale. Waliokuwa ndani waliendelea na safari. Muuza magari alipita katikati ya viti, tai yake ikatangulia, akajikuta anaangaliana na redio.

"Kuna shimo," alisema Bosi.

"Liko wapi?" aliuliza mama yake, akiinamia kioo.

"Limepita."

"Funga mkanda, baba," Mama Breki alimwambia muuza magari. "Hilo shimo lina ndugu."

Wakaondoka tena. Penye duka la simenti, mwanamke mwenye ndoo alitaka kuvuka. Mguu wa kushoto ukaona hatari. Pua ya gari ikainama hadi yule mwanamke akadhani anasalimiwa, naye akaitikia kwa heshima.

"Breki zake ni kali mno," Bosi alimfokea muuza magari.

"Bosi, samahani, unakanyaga kwa miguu miwili."

"Mimi? Mimi nakanyaga na mmoja!"

"Na huu mwingine ni wa nani?" aliuliza Mama Breki.

Yeye mwenyewe hakuwa ametulia. Kila kigari kilipoinama, mguu wake nao ulichimba sakafu ukitafuta breki ya mwalimu. Ulikuta zulia tu. Zulia laini, jipya, lisilo na kazi. Hapo furaha yake ya uchokozi ikapoa kidogo. Aliwaza mfua mashuka ameketi kwenye usukani wa gari la namna hii, ameduwaa, naye mwalimu yuko kando anafanya nini? Anaomba dua?

Walifika karibu na mashine ya kusaga, barabara inapobanwa na vibanda. Nyuma yao alikuja msukuma mkokoteni, amepakia magodoro hadi yeye mwenyewe haonekani. Ulikuwa mlima wa magodoro unaotembea na kupiga mluzi. Mbele, mbuzi mmoja alishuka kutoka kibarazani, akasimama katikati ya njia, akaanza kutafakari.

Mguu wa kushoto ulikuwa umemsubiri mbuzi huyo maisha yake yote.

Kigari kiliganda. Mlima wa magodoro haukuganda. Ulikuja polepole, ukagusa kioo cha nyuma, ukafikiri, kisha ukaanguka wote. Ndani kukawa giza saa kumi alasiri. Wanaopenda kutia chumvi husema gari lile lilipotea kabisa, na watu wakaanza kuulizana bei ya godoro lenye taa.

"Nani amefunga dunia?" ilisikika sauti ya muuza magari.

Hakuna aliyeumia, wala hakuna kilichochubuka. Ukitaka kugongwa, gongwa na godoro. Lakini msukuma mkokoteni alikuja dirishani akiwa amevimba.

"We mzee, umejifunzia wapi kuendesha?"

Bosi akamtazama mama yake.

"Kwangu," alisema Mama Breki. "Na nilimfundisha vizuri mno, ndiyo taabu yenyewe. Tusamehe, baba, tunakusaidia kupakia."

Wakapakia wote, koti la Bosi likiwa juu ya boneti. Walipomaliza aliketi tena kwenye usukani, akaushika, akauachia. Magari mawili yalipiga honi nyuma. Jasho lilimshuka shingoni hadi ndani ya kola iliyopigwa pasi na mtu mwingine.

"Mama," alisema taratibu. "Hebu nisaidie."

Mama Breki hakusherehekea. Aliurudisha tu ufunguo ndani ya gauni, mahali pake. Lakini hata kabla hajafungua mlango, mkamwana alikuwa ameshashuka. Alifungua mkoba, akatoa viatu bapa vyenye vumbi jekundu la uwanja wa mpira, akavivaa pale pale barabarani.

"Nipishe," alimwambia mumewe.

"Wewe? Tangu lini?"

"Nipishe, baba watoto. Watu wanapiga honi."

Bosi alihamia nyuma, kando ya muuza magari. Mke akavuta kiti mbele, akatengeneza vioo vyote vitatu, akafunga mkanda.

"Mwalimu," alisema, "huku hakuna klachi. Nifanyeje?"

"Mguu wa kushoto uvute chini ya kiti. Usahau. Jifanye umeuacha nyumbani unalea watoto."

Mkamwana akavuta pumzi, akamsubiri mbuzi amalize kutafakari, akaondoa kigari kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Wakazunguka penye mashine ya kusaga. Kona ikapita. Duka la simenti likapita. Nyuma Bosi alikuwa anatazama kisogo cha mkewe kama mtu anayesoma barua ya benki.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Ningekuambia ungenitafutia dereva."

Getini walikuta akina mama watatu wameketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, kila mmoja na viatu bapa. Siku ile ilikuwa zamu ya kujifunza kurudi nyuma. Mfua mashuka aliinuka, akamtazama Bosi juu mpaka chini.

"Wewe ndiye unayetaka kumuuza mwalimu wetu?"

"Gari, mama. Si mwalimu."

"Kwani ukitoa breki ya upande ule, mwalimu anabaki na nini? Mdomo?"

Fundi cherehani akaongeza, "Na vile viti nimeshona mimi. Wakija hao wa chuma chakavu, waje na sindano wafumue kwanza."

Bosi akageuka kwa mama yake. "Lakini Mama, zile spea ninazotuma..."

"Ulizotuma zilifika, Mungu akuzidishie. Nyingine hazikutoka kwako. Ulidhani Nyumbu anaishi kwa mshahara wako tu? Na usinisikie vibaya: siku Nyumbu akikata roho, nitakuita mimi mwenyewe, tutakwenda kununua wote. Nitataka pedali tatu upande wa dereva na mbili upande wangu. Likiwa jipya, haya. Likiwa bovu, haya. Lakini anayechagua nitaketi wapi ni mimi."

Muuza magari alikohoa. "Na hili, Bosi? Tunalirudisha?"

Bosi alimtazama mkewe, ambaye bado hakuwa ametoka kwenye usukani. Alikuwa anapangusa dashibodi kwa upindo wa kanga, polepole, pasipo vumbi.

"Muulize dereva," alisema Bosi.

Mama Breki alikuwa ameshaingia Nyumbu, upande wa abiria, na mfua mashuka ameshika usukani kama anakamua shuka. Nyumbu akakohoa, akatema moshi, akatikisika hadi vifuniko vya sufuria vikaitika jikoni. Bosi akasogea dirishani, ameinama.

"Mama. Na mimi unaweza kunitoa huu mguu?"

"Naweza. Panga foleni, uko wa tano. Jumanne jioni, uwanjani. Uje na viatu bapa, na dereva wako umwache ofisini akalie hilo zulia."

"Na rula?"

"Rula ninayo." Akamgeukia mwanafunzi wake. "Haya, mama. Tunarudi nyuma. Klachi kwanza!"

Honi ikalia. Muuza magari alishtuka, akarudi hatua moja kupisha, akakanyaga pale bandani panapong'aa kwa oili. Mara ya mwisho walipomwona alikuwa anaelekea upande wa kituo cha polisi, amesimama wima, tai inapepea.