Dawa ya Ndani ya Kawa

Huyo Lucien aliyekuja kumposa mdogo wangu Delphine alikuwa muosha chupa. Kazi yake kwenye maabara, labo moja ya Wabelgiji, hapa Élisabethville, ilikuwa kusugua vioo vya wakubwa. Lakini mwenyewe alijiita chimiste, bingwa wa kemia, na ukimwita Lucien tu, bila Monsieur, aligeuka kiziwi.

Siku ya kuonana na wazazi, pale kwetu mtaa wa Kenya, alikuja na koti la sufu kwenye jua kali na mifuko miwili ya majani na matunda makavu ya mikahawa, mmoja wa arabika na mmoja wa robusta. Majani! Wenzake humletea mama mkwe kitambaa. Delphine alimpenda kufa, baba naye alikuwa karibu kukubali. Ilibaki afunge mdomo tu, lakini angewezaje?

Alichemsha majani mwenyewe, akammiminia mama, kisha akaanza kuhubiri juu ya kahawa, kawa kama tunavyoiita.

« Mama, kawa haiko moja. Arabika iko na dawa kidogo. Robusta iko na dawa mingi sana. Hata mu majani iko, zaidi yale ya changa. Bantu banakunywa tu, habaione. »

Chimiste mzima! Neno caféine, ile kafeini inayofukuza usingizi, analo, lakini eti alitaka kumrahisishia mama. Kwetu, mtu akikupa majani ya kuchemsha na kukwambia yana dawa usiyoiona, huulizi tena anataka nini: ni uchawi. Mama akakiweka kikombe chini haraka.

« Kunywa weye, » baba akamwambia.

« Miye hapana, baba. Ile dawa inanipigisha moyo. »

Mama wee! Shangazi zetu wakasimama wote. Mimi nilitaka kucheka na kumzaba kofi papo hapo.

Hapo Delphine akakichukua kikombe cha mama. Naye aliogopa, lakini alitaka kuliokoa jina la mtu wake. Akanywa chote mbele ya watu, kisha akafungua mfuko wa robusta ili achemshe kingine. Sote tukamtazama Lucien. Hata mimi nilimngojea aseme neno, japo aksanti.

« Pole pole, Delphine, » akasema. « Usimalize yote. Chef wa labo ataniuliza robusta yake iko wapi. »

Delphine akaufunga mfuko, akamrudishia mikononi. Halafu akamgeukia baba.

« Baba, ule bwana aende na majani yake. Miye nimekataa. »