Nusu ya Dawa ya Asiya

Ilianza na jino. Asiya, mtoto wa dada yangu Kadidja, alikuwa na miaka sita mwaka ule wa 1968, na jino lake la nyuma likaanza kutikisika. Tukacheka, tukasema anakua upesi. Wiki tatu baadaye taya lilikuwa limevimba hata jicho la kushoto likasukumwa juu.

Mimi, Chausiku, nilikuwa nimeolewa Gitaza, nikianika ndagala, dagaa wa ziwani. Niliposikia, nikahamia kwa dada, Rumonge, kumsaidia. Mumewe, Idi, alikuwa akikamua mawese kijiji cha Kizuka. Jirani yao alikuwa Bahizire, muuguzi wa dispanseri, mtu wa Kivu, Congo. Yeye Mkristo, sisi Waislamu, lakini sikukuu zote tulikula pamoja. Binti yake Cikuru na Asiya walizaliwa mwezi mmoja, na mama yake Cikuru alipolazwa na homa, dada yangu ndiye aliyewanyonyesha wote wawili.

Kwa hiyo Bahizire aliposema twende Bujumbura kwa Daktari Mulamba, tulikwenda bila kuuliza maswali.

Daktari alimpima Asiya, akatuambia ni kansa ya taya, inayokamata watoto. Akatuambia pia kwamba amepata dawa mpya kutoka ng'ambo.

"Inatoka kwenye ua," alisema, akatuonyesha picha. Lilikuwa ua dogo la rangi ya waridi, lile lile linaloota kwenye mchanga mbele ya nyumba zetu. "Wanakusanya majani gunia kwa gunia, wanapata chupa ndogo hivi. Ninazo za watoto sita. Asiya ni wa sita."

Bahizire angemchoma sindano kila wiki kule kule Rumonge, na daktari angefika kila mwezi kumwangalia.

Siku ya kumi uvimbe ulianza kuyeyuka. Jicho likarudi mahali pake. Asiya akaomba bugali na samaki wa mukeke, akala mpaka akalamba sahani, na dada akatoka uani akalia kwa furaha. Idi alimpelekea Bahizire kopo la mawese. Bahizire alilipokea bila kututazama usoni, nami nikadhani ni haya.

Mwezi wa tatu wa sindano taya likavimba tena. Sindano ya wiki ile haikufanya kitu, wala ya wiki iliyofuata. Daktari Mulamba alipofika dispanseri, aliligusa taya la mtoto, akaligusa tena. Dada akamuuliza:

"Munganga, dawa si ni ile ile? Mbona sasa haifanye kazi?"

"Dawa ni ile ile, mama. Ugonjwa ndio uliobadilika," alisema. "Mwanzo iliua karibu chembe zote za uvimbe. Zikabaki chache ambazo haiziwezi. Hizo ndizo zilizozaa, na zote zilizozaliwa ni kama mama zao. Nikiongeza dawa, nitamuumiza mtoto kabla ya kuzigusa."

"Zimejifunza wapi kukataa dawa?"

"Hatujui vizuri. Wakati mwingine inatokea hata dozi ikiwa kamili. Dozi ikiwa pungufu, tunazirahisishia." Akafungua daftari la sindano, akamgeukia Bahizire. "Huyu alipata dozi zote?"

"Zote, daktari," alisema Bahizire.

Nilikuwa nimesimama hapo. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Daktari alisema atatafuta dawa nyingine, isiyotokana na mmea huo, lakini ingechukua wiki kadhaa. Dada hakuweza kungoja. Asubuhi moja nilimkuta uani amechuma yale maua yote, na majani na mizizi, sufuria iko motoni.

"Kama dawa iko ndani ya hii, mutoto wangu atakunywa yote," aliniambia. "Si vitone vya kuhesabu."

Nilijaribu kumzuia, akanisukuma. Nikamwita Bahizire. Alikuja mbio, akaipiga sufuria teke, maji ya moto yakamwagika mchangani.

"Usimupe hii, Mama Asiya! Ni sumu. Utamuua!"

"Basi niache nimuue mimi! Dawa yako imemusaidia nini? Umemuchoma sindano kumi na moja!"

Bahizire akakaa chini pale pale kwenye mchanga uliolowa. Akasema, sauti chini:

"Nilimuchoma nusu."

Dada hakuelewa. Mimi pia sikuelewa.

"Cikuru alipata uvimbe," alisema. "Mwezi ule ule. Ulikuwa mudogo, chini ya sikio, mama yake alimufunga kitambaa. Nilimuomba munganga, akasema orodha imejaa, tungoje miezi tatu. Ningemungojesha mutoto wangu miezi tatu? Kila chupa niligawa mbili. Ya Asiya nilijazia maji ya chumvi. Nilipoona amepona, nikafikiri nusu inatosha."

Nikakumbuka kitambaa cha Cikuru. Tuliambiwa ni meno.

"Ungeniambia," dada alisema. "Nilimupa Cikuru ziwa langu. Ungeniambia mimi."

"Ungekubali?"

Dada akaokota sufuria yake. Kisha akaingia ndani. Mpaka leo sijui angejibu nini, na nadhani hata yeye hajui.

Juma lile lile alipanda gari mwenyewe mpaka Bujumbura, akamweleza daktari kila kitu. Bahizire akaondolewa dispanseri. Dada alikuwa na swali moja tu: angepata dawa yote, Asiya angepona? Daktari alivua miwani yake, akasema hajui. Katika wale watoto watano waliopata dozi kamili, wawili walikuwa wamerudiwa na uvimbe.

Dawa ya pili ilifika, ikampa Asiya miezi mitano. Alifariki mwaka wa 1969, baada ya mvua kubwa. Cikuru, kwa nusu ile ile, alipona kabisa. Kila asubuhi alipita mbele ya mlango wetu na kibao chake cha shule.

Siku ya tatu ya matanga Bahizire alikuja, akasimama nje ya ua. Idi akainuka, akamfuata, akamshika mkono, akamkalisha mkekani karibu naye.

"Ni baba," Idi alimwambia dada baadaye. "Hata mimi ningefanya vile."

"Ungemuibia mutoto wa mwenzako?"

"Ningefanya, Kadidja."

Dada alifunga nguo zake, tukaondoka pamoja kwenda Gitaza. Bahizire alimuumiza, lakini mkono ule wa Idi ulimuumiza zaidi. Idi alimfuata mara mbili. Mara ya kwanza dada hakutoka nje. Mara ya pili alitoka, akamwambia arudi kwa rafiki yake.

Mwezi wa nne mwaka wa 1972 waasi walivamia, damu ikamwagika Rumonge, na baadaye ikaja zamu ya wanajeshi waliokuja kukamata watu. Bahizire na familia yake walivuka ziwa kwenda Congo; waliowaona walituambia Cikuru amekuwa msichana mrefu. Idi alichukuliwa Kizuka pamoja na wakamuaji wengine, akapakiwa kwenye lori. Hakuna aliyerudi.

Dada alipopata habari tulikuwa tukigeuza ndagala mchangani. Aliendelea kugeuza mpaka mwisho wa safu, kisha akakaa.

"Nilitaka Idi aseme tu kwamba alikosea," aliniambia. "Ningerudi siku ile ile."